Kabla Hujakanda Cong You Bing

Cong you bing ni mkate bapa wa chumvi na vitunguu majani, unaokaangwa na kuuzwa mitaani Shanghai, Shandong na Taiwan. Hauna hamira wala sukari. Hukunjwa mviringo kama chapati za kusukuma, kwa hiyo anayezijua chapati ana nusu ya kazi mkononi. Mazoea yake mengine ndiyo yatakayomponza, basi soma mpaka mwisho kabla hujagusa unga.

Unga uwe wa ngano, mweupe, wa kawaida: gramu 300 zinatoa mikate minne. Chumvi ya kukandia, nusu kijiko cha chai.

Maji ni ya aina mbili, na usiyachanganye. Mimina kwanza mililita 150 za maji yanayochemka, si ya vuguvugu, huku ukikoroga kwa mwiko mpaka unga ushikane mabonge mabonge. Kisha ongeza mililita 40 za maji baridi na ukande. Maji yanayochemka huuivisha wanga kidogo, ukanywa maji mengi zaidi, na huupunguzia unga nguvu ya kuvutika. Mkate wa maji baridi matupu hutafunika kwa shida ukishapoa. Ukiona unga unanata vidoleni, usikimbilie kuongeza unga. Ufunike, uache nusu saa, utatulia wenyewe.

Mafuta ya kupaka ndani yatengeneze mapema. Weka vijiko vitatu vya chakula vya unga na kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwenye bakuli la chuma, kavu kabisa. Pasha vijiko vinne vya mafuta mpaka chembe ya unga ikidondoshwa ichemke, uyamwagie humo na ukoroge upate uji mzito. Mafuta matupu huchuruzika na kukimbilia pembeni ukikunja, lakini uji huu hukaa palepale ulipopakwa na kuzuia tabaka zisigandane. Wapishi wengi wa Shanghai hutumia mafuta ya nguruwe. Ya kupikia ya kawaida yanatosha.

Sasa vitunguu, na hapa ndipo wengi wanapoharibikiwa. Gramu 100 zinatosha. Vioshe saa kadhaa kabla, vikung'ute, vitandaze juu ya kitambaa mpaka vikauke, ndipo uvikate vidogo. Kinachotokea mara nyingi ni hiki: mpishi anaosha, anakata papo hapo, anatia chumvi bakulini "ili vikolee", kisha anaenda kusukuma unga. Akirudi anakuta vitunguu vimelegea na maji yamejikusanya chini, kwa sababu chumvi imeyavuta. Anavitandaza hivyohivyo. Maji yanaharibu ule uji wa mafuta, na tabaka zinaanza kushikana tangu kwenye kukunja. Akibapa donge, ngozi inapasuka na vitunguu vinachungulia nje. Kwenye chuma, vilivyotoka vinaungua na kuwa vichungu, mafuta yanamrukia mikononi, na katikati maji yanageuka mvuke, ikabaki sehemu nyeupe inayonata kama unga mbichi. Anaongeza dakika, nje panakuwa peusi, ndani pako vilevile. Hakuna tiba hapo. Chumvi ibaki kwenye uji wa mafuta, vitunguu vije juu yake vikiwa vikavu, na ukunje mara moja.

Gawa madonge manne. Sukuma kila moja mpaka unene wa milimita 2 au 3, paka uji, nyunyiza vitunguu ukiacha ukingo wa sentimita moja, kunja kama mkeka, kisha zungusha uwe konokono na ufiche mkia chini. Acha dakika 20. Usipoyapumzisha, kila ukisukuma yatarudi nyuma, utakandamiza kwa hasira, nayo yatapasuka. Bapa taratibu mpaka milimita 6.

Chuma kiwe kizito, moto wa wastani, mafuta vijiko viwili. Funika dakika mbili za mwanzo ili ndani paive, kisha funua, geuza na uache pakauke, kama dakika tatu kila upande. Mkate ukiwa bado kwenye chuma, usukume kutoka kingoni kuelekea katikati kwa miiko miwili ili tabaka zifumuke. Usiurundike kwenye hotipoti kama chapati, mvuke utaulainisha. Weka juu ya wavu wa waya. Siki na sosi ya soya viwe mezani tayari, maana haungoji.

Mikate ya kuhifadhi igandishe ikiwa mibichi imeshabapwa, karatasi ya plastiki katikati ya kila mmoja, na uikaange ikiwa bado barafu. Ikiyeyuka, vitunguu hutoa maji na unarudi kwenye shida ileile. Na unapofanya yote haya, watoto wakae mbali na birika na yale mafuta ya moto, bakuli la plastiki lisitumike, mpini wa kikaango uelekee ndani, mikono iwe mikavu.