SOMO: Kuandaa daftari la mipango la 2026 kwa kauntabuku (soma mpaka mwisho ndipo uulize)

Kila ikifika mwezi wa kumi na mbili naulizwa swali lile lile, na watu wale wale: "Da, lile daftari lako unalipangaje?" Mwaka jana nilijibu kwa simu, kwa picha, na mara moja nilimjibu mteja huku nampima kiuno na pini zimo mdomoni. Mwaka huu naandika mara moja tu. Atakayeuliza tena nitamleta hapa.

Mimi ni fundi cherehani, Dar. Daftari langu linabeba oda, ada za watoto, kodi ya fremu, zamu za mchezo wa kupeana hela na madeni ya watu. Kama wewe ni mwalimu au dereva, badilisha vichwa vya safu, mengine yabaki hivyo hivyo. Dayari za dukani, zile za jalada gumu na mwaka wa dhahabu, nimewahi kupewa mbili. Zina ramani ya dunia na jedwali la maili, halafu Jumamosi na Jumapili wamezibana kwenye kajimstari kamoja. Kwa fundi, Jumamosi ndiyo siku yenyewe.

1. Nunua kauntabuku ya kwaya mbili. Ina kurasa 192. Wiki 53 kwa kurasa mbili mbili ni 106, miezi 12 kwa kurasa mbili mbili ni 24, jumla 130. Zinabaki 62 za mambo mengine. Kwaya moja (96) haitoshi. Kwaya tatu (288) ni tofali.

2. Rula, penseli, kifutio, biki nyeusi, biki nyekundu. Basi.

3. Andika namba za kurasa zote. Inachosha, fanya ukiangalia tamthilia.

4. Kurasa za miezi. Chora safu saba na mistari sita, mwezi mmoja kurasa mbili zinazotazamana. Nimesema sita, si mitano. Machi 2026 inaanza Jumapili na ina siku 31, kwa hiyo ukianzia wiki Jumatatu, tarehe 30 na 31 zinakosa pa kukaa. Na angalieni mnanakili kutoka wapi: kalenda nyingi za ukutani zinaanzia Jumapili, ukihamisha bila kutazama mwezi mzima unasogea siku moja. Jihakiki hivi: Februari, Machi na Novemba 2026 zote zinaanza Jumapili, yaani tarehe mosi iwe safu ya mwisho kulia. Januari inaanza Alhamisi.

Sikukuu zisizohama ziandike kwa biki nyekundu: 1 na 12 Januari, 7 Aprili, 26 Aprili (imeangukia Jumapili, poleni), 1 Mei, 7 Julai, 8 Agosti, 14 Oktoba, 9, 25 na 26 Desemba. Pasaka ni 5 Aprili. Ukiunganisha Ijumaa Kuu tarehe 3, Jumatatu ya Pasaka tarehe 6 na Karume tarehe 7, unapata siku tano mfululizo ambazo anayekudarizia hashiki simu. Zitie kivuli.

Za mwezi mwandamo ziandike kwa PENSELI. Idi el-Fitri ni kama 20 Machi, Idi el-Hajj kama 27 Mei, Maulidi mwishoni mwa Agosti. Neno ni "kama".

Kitu kimoja cha 2026 ambacho mafundi, wapishi na wapambaji mkizingatie: Jumatano ya Majivu ni 18 Februari, na Ramadhani inatarajiwa kuandama siku hizo hizo. Maana yake wanaokimbia Kwaresma na wanaokimbia Ramadhani wote wanataka kuoa kabla ya katikati ya Februari. Mimi nimeshafunga kupokea sare za kamati kwa Jumamosi mbili.

5. Kurasa za wiki. Kushoto Jumatatu hadi Alhamisi, kulia Ijumaa hadi Jumapili, chini ya Jumapili acha nafasi ya viporo. Anza na wiki ya Jumatatu 29 Desemba 2025, maliza Jumapili 3 Januari 2027.

6. Saa. Hapa ndipo nilipoumia, kwa hiyo nisomeni taratibu. Mwaka fulani niliitwa kwenye kikao cha watu waliotaka sare za shule, sare 120. Barua ilikuwa ya Kiingereza, imeandikwa 9:00. Ilinikuta kwenye daladala nimesimama, mkono mmoja kwenye bomba. Nikatoa daftari, nikaandika "saa 9, sare". Siku ikafika. Asubuhi nikakata vitambaa vya watu, nikaoga, nikapiga pasi gauni, na saa nane na nusu mchana nipo getini na sampuli zangu kwenye mfuko, nimewahi tena! Mlinzi akaniambia, "Mama, wale wamemaliza tangu saa tano." Kikao kilikuwa saa tatu asubuhi. Hakuna aliyenidanganya, mwandiko ni wangu. Nilirudi nyumbani nikaushonea mto kile kitambaa cha sampuli, na huo mto ninao hadi leo.

Kwa hiyo, masharti:

Namba tupu marufuku. Kila saa iwe na mkia wake: asb, mch, jioni, usk. "Saa 3" peke yake haijasema kitu.

Saa ya kwenye barua, tiketi au kadi ya kliniki inakili kama ilivyo, na nukta zake mbili, halafu pembeni andika saa yetu ndani ya duara. 9:00, duara, 3 asb. Hesabu yake ni kutoa sita, namba ikiwa ndogo unaongeza sita, na jibu likizidi 12 unatoa 12 tena. Basi la 4:00 alfajiri ni saa kumi. Kikao cha 14:00 ni saa nane mchana.

Usifanye hesabu hiyo ukiwa umesimama. Nakili, ukifika badilisha.

Anayetumia dayari ya dukani yenye 8:00 pembeni mwa mstari, achukue biki aandike 2 pale pale juu yake, mwaka mzima, kabla hajaandika jambo lingine lolote. Jicho likishachoka litasoma iliyochapwa, halitasoma unayoikumbuka.

7. Kurudi nyuma. Mtu akileta kitambaa cha harusi ya Jumamosi 14 Februari, siandiki tarehe 14 tu. Naandika Jumatano 11 kuchukua, Jumamosi 7 kujaribisha, Jumatatu 2 kukata. Ninayoifanyia kazi ni tarehe 2. Ile 14 ni ya bwana harusi.

8. Kurasa 62 za mwisho: vipimo vya wateja, madeni, mchezo (nani anapokea lini), ada, kodi ya fremu, na awamu nne za kodi ya TRA: 31 Machi, 30 Juni, 30 Septemba, 31 Desemba.

9. Kabla hujatupa daftari la 2025, lipitie ukurasa kwa ukurasa uhamishe viporo. Mimi nimekuta gauni la mtu la mwezi wa saba.

MASWALI

Mtoto wa Mbeya: Dada ahsante kwa somo zuri. Hilo daftari liwe la kurasa ngapi?

Jibu: Namba 1.

Mtoto wa Mbeya: Namba 1 ya wapi?

Jibu: Ya somo hili ulilolisifia.

Kaka Mjasiriamali: Mambo ya mwaka arobaini na saba haya. Simu inafanya yote hayo, na inakukumbusha kwa kengele.

Jibu: Simu ninayo. Kila nikitaka kusoma kilichomo, mteja anapiga. Umeme ukikatika siku mbili daftari halizimi. Na mteja akinibishia tarehe namwonyesha saini yake kwenye ukurasa. Usipotaka kuchora usichore, kaka, hakuna aliyekushika mkono.

Kaka Mjasiriamali: Mbona umepandisha?

Jibu: Sijapandisha. Nina magauni manne ya kumaliza.

Binti Tanga: Shikamoo da. Hapo kwenye saa umenigusa. Bibi yangu akisema "usiku wa Ijumaa" ana maana ya Alhamisi usiku, sisi wajukuu tunaelewa Ijumaa usiku. Juzi tumekosana kwenye kisomo, wengine walikuja wageni wameshaondoka. Kwenye daftari niiandike wapi?

Jibu: Marahaba mwanangu, umeuliza swali ambalo nilipaswa kuliweka kwenye somo lenyewe. Bibi yako yuko sawa kwa hesabu yake: siku inaanza jua likizama, kwa hiyo usiku unatangulia mchana wake. Magharibi ya Alhamisi ikiingia, kwake Ijumaa imeshaanza. Saa ya ofisi inabadilisha tarehe saa sita usiku. Mimi shughuli za usiku naziandika mara mbili. Kwenye sanduku la Alhamisi, chini kabisa: "usiku huu, kisomo, saa 2 usk". Kwenye sanduku la Ijumaa, juu kabisa: "kimeshapita, kilikuwa jana usk". Na mtu akikualika kwa mdomo, muulize hivi: "Ni usiku wa kuamkia Ijumaa, au Ijumaa kuamkia Jumamosi?" Hapo hakosei hata mtoto. Fanya hivyo hivyo kwa basi au ndege ya saa sita na nusu usiku. Tiketi inasema tarehe 10, lakini begi unalibeba tarehe 9.

Binti Tanga: Da! Hiyo ya begi ilimpata mjomba wangu, alifika uwanjani siku nzima baadaye.

Jibu: Mpe pole. Mwambie nina mto wa kumwonyesha.

Mswahili wa Muscat: Huku mapumziko ni Ijumaa na Jumamosi, kazi inaanza Jumapili. Lakini nyumbani Unguja wananipigia kwa wiki yao. Nichore ipi?

Jibu: Chora wiki ya kazi yako, unayoiishi, si ya wanaokupigia. Kushoto Jumapili hadi Jumatano, kulia Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Ukianzia Jumapili, wiki yako ya kwanza ni ya 28 Desemba 2025, na Machi inakutosha mistari mitano. Pembeni kulia vuta safu nyembamba uiite "Nyumbani", humo weka simu na hela za kutuma. Oman mko mbele yetu saa moja, kwa hiyo kwenye safu hiyo tu tumia saa ya Unguja. Ukiwa shabiki wa wazee wa zamani, anza hata Jumamosi. Jina lenyewe linasema ni siku ya mosi.

Mswahili wa Muscat: Jumamosi! Nimelitumia jina hilo miaka yote sijawahi kulisikiliza.

Wa Nairobi: Sikukuu zako ni za Tanzania tu.

Jibu: Kwa sababu naishi Tanzania. Za kwenu weka Madaraka 1 Juni, Mashujaa 20 Oktoba, Jamhuri 12 Desemba. Ninyi ikiangukia Jumapili mnapewa Jumatatu, mna bahati.

Mama Vitumbua: Mimi nina la madeni. Nikiwaandika wateja jina wanasema nimewaaibisha, nisipoandika wanasahau.

Jibu: Usiwaandike mbele ya daftari. Ligeuze, anzia nyuma kuja katikati, ukurasa mmoja kwa kila mdaiwa. Safu tatu: alichochukua, alicholipa, kilichobaki. Akilipa hata mia tano mwite aione ikiandikwa. Mtu akishauona mstari wake unapungua anapenda kuumaliza. Asiyetaka jina, mwandike kwa gauni lake au mtaa wake. Mimi ninaye "Kitenge cha Tausi" tangu Machi.

Fundi Viatu: Nyongeza kidogo. Kalamu ya jeli inapenyeza upande wa pili, karatasi za kauntabuku ni nyepesi. Na jalada livike nailoni, ile ya kufunikia madaftari ya shule, kona zake ndizo zinaanza kufa.

Jibu: Kweli kabisa, jeli imeniharibia Mei nzima. Mimi jalada nalivika kipande cha kitenge juu ya nailoni, nashonea na mfuko mdogo wa stakabadhi.

Fundi Viatu: Unauza hayo majalada?

Jibu: Baada ya 14 Februari.

Mtoto wa Mbeya: Dada ni mimi tena, usinikemee. Nimefika dukani kwaya mbili zimekwisha, nimenunua ya kwaya moja. Nimepoteza hela?

Jibu: Hujapoteza. Nunua na ya pili, 96 na 96 ni 192 zile zile. La kwanza lipe miezi sita na wiki 27, liishie Jumapili 5 Julai. Hizo ni kurasa 66, zinabaki 30 za madeni na mengineyo. La pili liendelee na Jumatatu 6 Julai, wiki 26. Vipimo vya wateja weka la kwanza tu, usivigawe. Sasa nikifikiria, mkobani litakuwa jepesi kuliko langu. Usimwambie mtu kwamba nimesema.