Wauza nyumba Mombasa? Anza na ukuta

Yani usikimbilie sofa mpya, anza na ukuta, manake chumvi ya bahari ndo yabandua rangi, kwangua ile iloachana yote, acha pakauke kabisa alafu ndo upake. Nyumba ya mawe ya Mji wa Kale paka chokaa, saruji yafungia unyevu ndani. Grili zenye kutu piga msasa kisha rangi ya kuzuia kutu. Mlango wa nakshi tafadhali usiupake rangi, toa vumbi kwenye yale maua na mswaki wa zamani, pangusa kwa mafuta kidogo, huo ndo uso wa nyumba! Mapazia fungua upepo uingie. Na kama ni nyumba bila ardhi, yani nyumba yako ila kiwanja cha mtu mwengine, mwambie mnunuzi mapema, asije akayajua kwa wakili.