Mpime mzee jicho moja moja

Mimi ni muuguzi wa macho. Wazee wenye ugonjwa wa makula, ile sehemu ya katikati ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga), hutufikia wamechelewa, kwa sababu jicho zima hulifichia lile bovu. Nyumbani nako hudhaniwa ni mtoto wa jicho, basi inasubiriwa uive. Kwa hiyo mzazi akishapita miaka 50, hasa kama anavuta sigara, mpime kwa karatasi ya Amsler, daktari wa Uswisi aliyeibuni.

Chukua rula na kalamu nyeusi. Chora mraba wa sentimita 10 kila upande, uugawe kwa miraba ya milimita 5, kisha weka nukta nzito katikati. Mzee akae penye mwanga mzuri, avae miwani yake ya kusomea, karatasi iwe sentimita 30 hivi kutoka usoni. Afunike jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza (likibonyezwa litaona ukungu, nawe utapata jibu la uongo zamu yake ikifika). Atazame nukta tu. Muulize: nukta unaiona? Pembe zote nne? Kuna mstari uliopinda, au mahali palipofutika? Usimsaidie kujibu! Mpe penseli azungushie mwenyewe, andika tarehe na jicho lipi. Rudia kila wiki.

Mistari ikianza kupinda, usingoje kliniki ya mwezi ujao. Mpeleke ndani ya siku chache. Huenda mishipa mipya dhaifu inavuja chini ya retina, na sindano za kuizuia husaidia zaidi zikianza mapema. Lakini karatasi ikiwa safi haimaanishi jicho ni zima: hatua za mwanzo mara nyingi huonekana hospitali tu.

Huko atasoma herufi ukutani, atatiwa matone ya kupanua mboni (aje na msindikizaji, ataona ukungu kwa saa kadhaa), kisha atapigwa picha ya retina kutafuta madoa ya njano. Kipimo ninachokisisitiza ni OCT, picha ya tabaka za retina inayopigwa kwa mwanga. Anaweka kidevu kwenye mashine, mwanga unapita bila kumgusa, na tabaka za retina zinaonekana kama chapati iliyokatwa. Maji yaliyojificha hapo yanajulikana. Wakitaka kumdunga mkononi fluoreseini, rangi ya kuonyesha mishipa ya retina kwenye picha, taja aleji zake zote. Ngozi na mkojo vikigeuka njano siku hiyo, asiogope.

Omba nakala za picha hizo, uzibebe kila mnaporudi. Daktari anahitaji za zamani ili aone kilichobadilika.