Namna ya kusoma jibu la kipimo cha jeni ya GRIN2B kwa mtoto mwenye usonji

Mzazi anayetoka kliniki ya watoto mjini Moshi na bahasha ya kaki yenye jibu la kipimo cha vinasaba, huku ndugu kule Marangu wakisubiri kuambiwa tatizo limetoka upande wa nani, aanze kwa kutafuta jina la jeni. Ikiwa ni GRIN2B, iliyo katika kromosomu ya 12, ajue kwamba jeni hiyo hutoa maelekezo ya kutengeneza sehemu mojawapo ya kipokezi cha NMDA, ambacho hupokea glutamati, kemikali inayopeleka ujumbe kati ya seli za ubongo. Kipokezi hicho ni lango lenye sehemu nne, na kufunguka na kufungwa kwake kwa wakati unaofaa ndiko kunakouwezesha ubongo wa mtoto kujifunza.

Mbele ya jina hilo huwa na maandishi yanayotisha bure. Kwa mfano, p.Gly820Ala humaanisha kwamba asidi ya amino (kipande cha kujengea protini) ya 820, katika mnyororo wenye vipande 1484, ilipaswa kuwa glisini lakini imekuwa alanini.

Mahali pa kukaa sana ni penye daraja la badiliko, kwa kuwa hapo ndipo wengi hukosea. Madaraja ni matano, kuanzia lisilo na madhara hadi lenye kusababisha ugonjwa, na la katikati, ambalo maana yake bado haijafahamika, si jibu la ugonjwa hata kidogo. Mzazi asikubali mtu yeyote alifanye kuwa hivyo. Hatua inayofuata ni kupima damu ya baba na ya mama, kwa sababu mabadiliko mengi ya GRIN2B yanayoleta usonji, ulemavu wa akili au kifafa huanza kwa mtoto mwenyewe, bila kurithiwa. Swali la ndugu wa Marangu mara nyingi hujibiwa hapo: hakuna upande.

Mwulize daktari pia kama badiliko limepunguza utendaji wa kipokezi au limeuzidisha. Dawa iitwayo memantini hukizuia kipokezi hicho, kwa hiyo kumpa mtoto ambaye kipokezi chake tayari ni dhaifu, eti kwa kuwa ilimfaa mtoto wa jirani, kunaweza kumdhuru.

Mazoezi ya kuongea yasisimamishwe kwa kungoja majibu, na nakala ya jibu la kipimo ibaki pamoja na kadi ya kliniki, kwani daraja huweza kubadilishwa ushahidi unapoongezeka.