Kabla Hujaanza Kumlisha Bakteria wa Utumbo Mpana

Bakteria aitwaye Faecalibacterium prausnitzii hauzwi dukani. Oksijeni humuua upesi, kwa hiyo usitegemee kumkuta kwenye mtindi. Kwa mtu mzima mwenye afya yumo tayari kwenye utumbo mpana, akiwa kama asilimia 5 ya bakteria wote. Huchachusha mabaki ya nyuzinyuzi na wanga ulioshindikana kusagwa, akatoa butireti, ambayo ndiyo chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo huo. Mwaka 2008 watafiti wa Ufaransa walionyesha kwamba wagonjwa wa Crohn, ugonjwa unaovimbisha utumbo na kuuchimba vidonda, walikuwa rahisi kurudiwa baada ya upasuaji pale bakteria huyu alipokuwa haba.

Mtu wa Mtwara au Lindi chakula cha kumlisha anacho: mbaazi, kunde, njugu mawe, ming'oko (viazi vya porini), muhogo. Ila kuna ya kuangalia kwanza.

Anza na dawa. Huku kwetu tumbo likisokota tu, mtu yuko duka la dawa anaomba metronidazole. Dawa hiyo huua vijidudu vinavyoishi pasipo oksijeni, na huyu ni wa kundi hilo hilo. Kipimo cha choo kikionyesha amiba, imeze na umalize dozi, hakuna mjadala. Lakini kumeza kwa kubahatisha leo, kesho ukala mbaazi kwa ajili ya utumbo, ni kujenga huku unabomoa.

Pili ni mwendo. Aliyezoea ugali wa sembe na samaki akirukia bakuli zima la mbaazi atajaa gesi usiku kucha, kisha aseme mbaazi hazimpendi. Wiki ya kwanza vijiko viwili vitatu vinatosha, na maji unywe ya kutosha, la sivyo choo kitakuwa kigumu. Mbaazi kavu ziloweke usiku. Asubuhi utaona povu jembamba limeelea juu. Mwaga maji hayo, maana yamebeba sehemu ya sukari zinazoleta gesi, nyuzinyuzi zimebaki ndani ya punje. Chemsha mpaka punje ikibonywa kwa vidole viwili ipondeke bila ubishi.

Muhogo uliochemshwa ukapoa una wanga mgumu kusagika, ambao bakteria wanaufaidi. Ule mchungu usiuharakishe: konzo, maradhi ya sumu ya muhogo usioandaliwa vizuri, imewahi kulemaza miguu ya watu mkoani Mtwara. Na kiporo, kwa joto la pwani hii, kiwe kimelala kwenye friji, si kwenye sufuria jikoni.

Kama unaona damu kwenye choo, unakonda bila sababu au unaharisha wiki kadhaa, habari ya mbaazi iache kwanza. Nenda kituo cha afya, na ikibidi uombe rufaa ya kwenda hospitali ya Ligula au, kwa wa Lindi, hospitali ya Sokoine.