Kabla mvua ya Septemba haijarudi: sisi wa mteremkoni Bukavu

Hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, mvua hurudi Septemba, mwezi uleule ambao shule zinafunguliwa na mfuko unakauka. Kazi ya kujikinga na maporomoko ya udongo na mafuriko basi ni ya Julai na Agosti, udongo ukiwa mkavu na mtaji ungali mkononi.

Anzia nyuma ya nyumba. Kwetu Kadutu, humu humu Bukavu, wengi wetu tulipata kiwanja kwa kukata kilima: ukuta wa udongo umesimama wima, nyumba ya mbao imebanwa chini yake. Kilima hicho tumekikata mguu. Tafuta ufa mpya unaopitisha kidole, mti ulioanza kuinama, maji yanayochuruzika mahali palipokuwa pakavu, mlango uliozoea kufunga na sasa unakwama. Jirani yangu alimwita seremala aurande mlango. Ukakwama tena baada ya wiki mbili, maana kilichosogea ni ardhi. Ukiona dalili mbili kwa pamoja, usiwalaze watoto chumba cha nyuma, na ukubaliane mapema na ndugu atakayewapokea usiku. Wala usijidanganye kwamba migomba inashika udongo: mizizi yake ni ya juujuu na shina limejaa maji. Panda matete.

Kisha maji ya paa, na hapa ndipo tunapokoseana sana. Mabati ya mita 5 kwa 6 yakipigwa na mvua ya milimita 20 yanamwaga lita 600, yaani bidoni 30 za lita 20, na zote zinamshukia mwenzako wa chini. Funga mfereji chini ya paa, weka pipa. Utafulia bila kununua maji. Ya kunywa chemsha au tia klorini, kwani kipindupindu ni mwenyeji Kivu. Yanayozidi yapeleke kwenye mtaro, na mtaro wenyewe uzibuliwe siku ya salongo, yaani kazi ya pamoja ya mtaa. Lakini jamani, tope mnalotoa msiliache ukingoni! Mvua ya kwanza inalirudisha lote.

Likelemba nayo, ule mchezo wa kuchanga pesa na kupokea kwa zamu: karibu kila mtu anaomba zamu ya Desemba, kwa ajili ya sikukuu. Omba ya Oktoba. Mama anayeuza makala, yaani mkaa, akilowanishiwa magunia mawili anaanza kukopa, na deni hilo humaliza mtaji kuliko mvua yenyewe. Inua magunia juu ya mbao, na usiweke pesa yote nyumba moja na bidhaa.

Usilegee hata masika yakielekea mwisho. Mafuriko ya Kalehe, humu Kivu Kusini, yaliyoua watu zaidi ya 400 yalikuja Mei 2023.

Karatasi za kiwanja, kadi ya mchaguzi na vyeti vya watoto vifunge ndani ya plastiki, picha zake mtumie ndugu anayekaa mbali. Namba za simu za jirani wa juu na wa chini ziandike kwa makala nyuma ya mlango, maana usiku wa mvua umeme hukatika na simu huwa imeishiwa chaji.