Kabla ya Kuikabidhi Akili Unde Daftari la Mwani: Mwongozo kwa Mkuu wa Kitengo

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mkuu wa kitengo, awe Unguja au Pemba, ambaye ameamua kwamba ofisi yake ianze kufanya kazi kwa data na akili unde (AI). Nimefanya kazi katika ununuzi wa mwani, na mifano yangu inatoka huko. Anayeongoza skuli, hoteli au duka la dawa atajua mwenyewe pa kuibadilisha.

Nianze na kosa nililoshiriki. Katika kampuni moja niliyofanyia kazi, tuliingiza madaftari ya vituo vyetu vya kununulia mwani kwenye programu iliyotuandikia ripoti nzuri sana, yenye michoro na maelezo ya Kiswahili fasaha. Ripoti ilisema kwamba uzalishaji wa kijiji kimoja umeporomoka, na kwa sababu hiyo tukapunguza safari za gari la kununulia, hata akina mama wakabaki na magunia ya mwani mkavu ndani ya nyumba. Kumbe mwani ulikuwapo wakati wote. Mizani ya kituo kile ilikuwa imeharibika, karani akaacha nafasi tupu daftarini kwa siku ambazo hakupima, na programu ikazisoma nafasi zile kuwa sifuri. Karani alikuwamo kikaoni siku ripoti iliposomwa na aliijua sababu, lakini hakusema, kwa kuwa mkubwa wetu alikwisha kuisifu ripoti mbele ya watu wote na yeye aliona si adabu kumkosoa.

Kwa hiyo, kazi ya kwanza ya kiongozi ni kuhakikisha kwamba aliye chini kabisa anaweza kusema, bila kuogopa, "nambari hii si sahihi". Hili halipatikani kwa tangazo la ukutani. Katika vikao, zungumza mwisho. Ukisema mwanzo kwamba ripoti imekupendeza, umeshafunga midomo ya vijana waliolelewa kutowajibu wakubwa, na malezi hayo ni mema wala hayafai kubezwa; yanahitaji kufunguliwa mlango tu. Usiulize "kuna mwenye swali?", kwa sababu swali hilo hujibiwa kwa kimya. Muulize kila mmoja kwa zamu, ukianza na karani: "Katika jedwali hili, nambari ipi usiyoiamini, na kwa nini?" Swali la namna hiyo humgeuza anayekosoa kuwa mtu anayetii, kwa kuwa ametakiwa na mkubwa wake kutaja kasoro. Kisha fungua daftari la masahihisho, na ukurasa wake wa kwanza uwe na kosa lako wewe, limeandikwa kwa mkono wako na tarehe yake. Kosa lililotajwa na mwenyewe lisikatiwe mshahara wala lisirudiwe kwa kejeli mbele ya wenzake. Mara moja tu ikitokea hivyo, watu watarudi kuficha, na wazee walikwisha kusema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua.

Baada ya hapo, chagua kituo kimoja cha kuanzia, uende huko. Kaa karibu na mizani siku ya bamvua, yaani siku za maji kujaa na kupwa sana, bahari inapokupwa mbali nao wakulima wanapovuna, utazame daftari linavyoandikwa. Utagundua mambo ambayo hakuna programu itakayokuambia. Uzito ulioandikwa ni wa mwani mbichi au mkavu? Tofauti yake ni kubwa mno, kwa kuwa sehemu kubwa ya mwani mbichi ni maji, na safu moja yenye aina zote mbili haifai kwa hesabu yoyote. "Saa 2" ni saa mbili ya Kiswahili, au ni ile ya simu, ambayo kwetu ni saa nane? Karani aliyeandika "usiku wa Ijumaa" amekusudia usiku wa kuamkia Ijumaa, kama wasemavyo wazee wetu, au usiku unaofuata mchana wa Ijumaa? Yaliyokubaliwa yaandikwe katika ukurasa mmoja unaoeleza kila safu: kipimo chake, anayeijaza, na maana ya nafasi iliyoachwa tupu. Ukurasa huo una thamani kuliko programu utakayoinunua.

Jambo jingine ni namna ya kulinganisha. Ofisi zetu hupenda kulinganisha mwezi na mwezi, lakini mkulima wa mwani hafuati Januari na Februari. Anafuata mwezi wa angani. Bamvua huja karibu kila baada ya nusu mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na mwezi wa kalenda wenye siku 31 unaweza kuangukiwa na vilele vitatu vya bamvua huku unaofuata ukipata viwili. Mashine isiyoambiwa hivyo itatangaza kupanda na kushuka ambako hakukutokea. Linganisha bamvua na bamvua, na uweke alama kwenye siku za mvua za masika, ambapo kukausha mwani huwa kazi ngumu, na kwenye mwezi wa Ramadhani, ambapo saa za kazi hubadilika.

Sasa akili unde yenyewe. Ipe kwanza kazi ndogo ambayo jibu lake unaweza kulikagua: kufupisha muhtasari wa kikao, kupanga maoni ya wakulima, au kutafuta majina yaliyoandikwa kwa namna mbili. Chukua mistari hamsini ambayo watu wawili wamekwisha kuikagua kwa mkono, ipe mashine ifanye kazi ileile, kisha hesabu imekosea mara ngapi na wapi. Ikiwa ni hesabu za kilo na fedha, usiiruhusu ikupe jumla kwa maneno; iagize iandike kanuni ya jedwali (fomula), nawe uitumie kanuni hiyo ndani ya jedwali lako. Programu hizi zimejengwa kukisia neno linalofuata, na huweza kuandika jumla ya uongo kwa utulivu uleule zinaoandikia jumla ya kweli.

Kwenye majina ndipo nilipoona madhara ya haraka. Kwetu mtu hutajwa kwa jina lake, la baba na la babu, na majina yenyewe ni yaleyale yanayojirudia. Khamis wa daftari hili ni Hamisi wa daftari jingine, na Fatma ni Fatuma. Lakini pia katika shehia moja, yaani eneo la sheha mmoja, wanaweza kuwapo wanawake wawili tofauti wenye majina matatu yanayofanana kabisa. Mashine ikiwaunganisha, mmoja anakosa malipo ya jasho lake. Iache ipendekeze tu, na uamuzi wa kuunganisha ufanywe na karani baada ya kumuuliza kiongozi wa kikundi.

Lugha nayo ni hivyo hivyo. Kiswahili Sanifu kilisimamishwa juu ya Kiunguja, kwa hiyo tunadhani mashine itatuelewa bila shida. Lakini maoni ya mkulima wa Makunduchi, Tumbatu au Micheweni, yakiandikwa kama alivyoyatamka, huweza kufasiriwa ovyo. Msomaji wa mwisho awe mtu wa huko.

Majina, nambari za simu na nambari za kitambulisho cha Mzanzibari visibandikwe kwenye programu ya wazi ya intaneti. Badilisha kwa alama, na orodha inayoonyesha alama ipi ni ya nani ibaki ofisini. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Muulize mwanasheria wako namna inavyoigusa kazi yako hapa Zanzibar.

Kila ripoti ieleze ni sehemu gani iliyofanywa na mashine, na iwe na jina la mtu mmoja aliyeikubali. Kabla ya kuchukua uamuzi unaohusu kijiji, yarudishe matokeo kwa waliotoa nambari: yasome kwa sauti pale pwani, kwa kilo na kwa bamvua, kisha usikilize. Laiti tungefanya hivyo, kosa letu lingegunduliwa siku ileile na mama yeyote mwenye gunia nyumbani.

Fanya haya kwa bamvua nne, kisha fungua daftari la masahihisho. Ukikuta limeandikwa na watu mbalimbali, hata kama baadhi ya makosa yanakuumiza, unaweza kuongeza kituo cha pili. Ukilikuta tupu, usiongeze chochote. Rudi ukakae karibu na mizani, umuulize karani, mkiwa wawili tu, ni nini kilichomzuia kuandika.